Jozi za Kati Mbele ya Mpinzani Mshambuliaji: Mwongozo wa Mashindano ya Poka

Katika Texas Hold'em, aina ya poka inayotawala mashindano makubwa, kila mchezaji hugawiwa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote hufunuliwa mezani kwa awamu: tatu kwa pamoja, ambazo huitwa flopu, halafu ya nne, halafu ya tano, na madau huwekwa kabla ya flopu na baada ya kila awamu. Karata mbili za siri zikiwa za namba moja huitwa jozi ya mkononi. Mwongozo huu unahusu jozi za kati, yaani za 7, 8, 9 na 10, ambazo ziko juu ya jozi ndogo zisizo na tumaini kubwa bila msaada wa meza, lakini ziko chini ya ghulamu (J), malkia (Q), mfalme (K) na ree (A), karata ambazo wapinzani hupenda kuzichezea.

Jozi yoyote ya mkononi hupatikana kwa wastani mara moja katika kila migao 17, na jozi za kati mara moja katika kila migao 55 hivi, kwa hiyo si karata za kutupwa ovyo. Ugumu wake ni kwamba huwa na nguvu zaidi wakati meza haijafunuliwa. Mwenye jozi ya 10 ataona angalau karata moja kubwa kuliko yake kwenye flopu katika karibu asilimia 70 ya nyakati. Mwenye jozi ya 9, asilimia 79. Mwenye 8, asilimia 87. Na mwenye 7, asilimia 92. Kwa upande mwingine, uwezekano wa flopu kuleta karata ya tatu ya namba ileile, hali itakayoitwa hapa utatu, ni takriban asilimia 12 tu, yaani mara moja katika kila flopu nane na nusu. Katika nyakati nyingi zilizobaki, mchezaji hukaa na jozi ambayo huenda bado inaongoza, huku macho yake yakimwambia kwamba imeshapitwa, na mpinzani mshambuliaji huishi kwa kuitumia hofu hiyo.

Kwa sababu hiyo, msimamo unaoongoza kurasa hizi ni kwamba thamani ya jozi ya kati haisomwi katika jozi yenyewe, bali katika mambo mawili yaliyo nje yake, nayo ni upana wa karata ambazo mpinzani anaweza kuwa nazo na idadi ya chipu zilizobaki kuchezewa. Jozi ya 8 inayostahili kuingizwa na chipu zote dhidi ya mpinzani mmoja yaweza kustahili kutupwa bila kusita dhidi ya mwingine aliyefanya kitendo kilekile kutoka kiti kilekile.

Wigo wa mpinzani

Jumla ya karata zote ambazo mpinzani angeweza kuzichezea kwa namna fulani, katika hali fulani, huitwa wigo wake. Mshambuliaji ni mchezaji ambaye wigo wake wa kuongeza dau ni mpana, anayeendelea kuweka dau baada ya flopu hata kama haikumsaidia, na anayependelea kuongeza kuliko kufuata. Asichanganywe na mchezaji ambaye ameongeza mara tatu mfululizo kwa sababu amegawiwa karata nzuri mara tatu mfululizo. Kosa hili ni la kawaida mno, hasa kwa mtu ambaye amekaa muda mrefu akitupa karata na ameanza kuona kila dau la jirani kuwa ni la hadaa. Ushahidi wa kuaminika zaidi ni karata zinazofunuliwa mwishoni. Mpinzani aliyeonyesha J na 6 baada ya kuongeza kutoka viti vya mwanzo ameeleza wigo wake waziwazi kuliko madau kumi ambayo hakuna aliyeyafuata.

Tofauti ya upana huonekana mara moja katika hesabu. Jozi ya 8 dhidi ya A na K za aina tofauti hushinda takriban asilimia 55 ya nyakati ikiwa karata zote tano zitafunuliwa. Dhidi ya A na 5, karibu asilimia 70. Dhidi ya jozi ya 6, asilimia 81. Lakini dhidi ya jozi yoyote kubwa kuliko yake huangukia kwenye asilimia 19 hivi. Wigo mpana una A na 5 nyingi, K na 9 nyingi, na jozi ndogo, ilhali wigo mwembamba umejaa jozi kubwa na A zenye mwenza mzito. Mshambuliaji anapoupanua wigo wake huingiza karata dhaifu kwa wingi bila kuongeza hata jozi moja ya ree, kwa kuwa michanganyiko ya jozi hiyo ni sita tu daima, na hapo ndipo jozi ya kati hupata faida yake.

Kiasi cha chipu

Katika mashindano chipu hazihesabiwi kwa idadi tupu bali kwa uwiano wake na dau kubwa la lazima, yaani kiasi ambacho mchezaji mmoja hulazimika kukiweka kabla ya karata kugawiwa. Tuchukulie hatua ya mashindano ambapo dau dogo la lazima ni 1,000, dau kubwa ni 2,000, na mwenye dau kubwa hulipa 2,000 nyingine kwa niaba ya meza nzima. Kabla ya yeyote kuamua lolote, kitita cha katikati kina 5,000.

Mchezaji akiwa na chini ya madau makubwa kumi, hakuna mengi ya kujadili: jozi ya kati huingia na chipu zote, na heri awe yeye anayeingiza kuliko anayefuata, kwa sababu anayeingiza hushinda pia pale wengine wanapotupa karata zao. Kati ya madau 12 na 20, nafasi bora ni pale mshambuliaji anapofungua kwa dau la kawaida kutoka viti vya mwisho naye mwenye jozi akajibu kwa kuweka zote. Sehemu kubwa ya wigo ule mpana haiwezi kustahimili jibu hilo.

Hali ya kufuata inahitaji uangalifu zaidi. Mpinzani aliye kwenye kiti cha mgawaji, kiti kinachocheza mwisho baada ya flopu, anaweka chipu zake zote 24,000. Dau dogo linatupwa. Mwenye dau kubwa ana jozi ya 7. Kitita kimefika 29,000 naye anatakiwa kuongeza 22,000, hivyo anahitaji kushinda angalau asilimia 43 ya nyakati, ambayo ni 22,000 kugawanywa kwa 51,000. Kama mpinzani hufanya hivyo kwa theluthi moja ya karata zote, jozi ya 7 hushinda zaidi ya nusu ya nyakati, na kuitupa ni kutupa chipu. Kama ni mtu mwangalifu asiyeweka zote bila jozi ya 10 au zaidi, ama A yenye Q au K, jozi hiyohiyo hushinda asilimia 37 tu, na kuitupa ni sahihi.

Eneo lenye utajiri zaidi, na ambalo wachezaji wengi hulicheza kwa woga, ni la madau 25 hadi 35. Mchezaji mwenye 60,000 anafungua kwa 4,500 akiwa na jozi ya 9, mshambuliaji mwenye chipu nyingi zaidi, aliyekaa kwenye kiti cha mgawaji, anaongeza hadi 12,000, wengine wanatupa. Kufuata huonekana kuwa njia ya kati yenye busara, lakini humpeleka mchezaji kwenye flopu akiwa wa kwanza kuamua, na jozi ambayo mara nne katika tano itafunikwa na karata kubwa zaidi, mbele ya mtu ambaye ameshaonyesha kwamba ataendelea kuweka dau. Hesabu ya kuweka zote ni hii: kitita kina 21,500, nazo zitakuwa faida halisi ikiwa mpinzani atatupa. Ikiwa atafuata kwa jozi ya 10 na kuendelea, au A yenye Q ama K, jozi ya 9 ina takriban asilimia 38, ambayo katika kitita cha 125,000 ni kama 47,000, dhidi ya 55,500 alizoongeza. Hasara ya wastani ni takriban 8,500. Ukilinganisha faida hiyo na hasara hiyo, mpinzani anahitaji kutupa chini ya mara tatu katika kumi ili uamuzi huu ulipe. Mtu anayeongeza juu ya dau la mwenzake kwa asilimia 12 ya karata zake, lakini yuko tayari kufuata chipu zote kwa asilimia 5 tu, hutupa zaidi ya nusu. Aliye mwembamba, anayeongeza kwa hizo asilimia 5 pekee, hatupi karibu kamwe, na kwake jozi ya 9 inakwenda kwenye karata zilizotupwa.

Yawezekana msomaji akaona hatari ya kuondoka mashindanoni kwa jozi ya 9 kuwa kubwa mno. Katika fainali ya mashindano makuu ya World Series of Poker ya mwaka 2009, Joe Cada, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alikuwa na jozi ya 9 dhidi ya Q na J za uru za Darvin Moon, chipu zikaingia zote kabla ya flopu, na jozi ikasimama. Karata mbili kubwa zinazofuatana na za aina moja zina karibu nusu ya nafasi dhidi ya jozi ya 9, kwa hiyo ushindi wa usiku ule hauthibitishi kitu. Kinachofaa kutazamwa ni kwamba Moon aliweza kuwa na Q na J, wala si jozi kubwa, na wigo wenye karata za namna hiyo ndio unaoifanya jozi ya 9 istahili kuingizwa.

Mchezaji akiwa na zaidi ya madau 40, kufuata kunarudi kuwa na maana, hasa pale atakapocheza mwisho baada ya flopu. Hapa ndipo watu hutaja uwindaji wa utatu, yaani kufuata kwa bei ndogo kwa matumaini ya kupata utatu na kulipwa kitita kikubwa. Kanuni ya mazoea inayotumiwa na wengi ni kwamba chipu zilizobaki ziwe angalau mara 15 hadi 20 ya bei ya kufuata. Mwenye 100,000 anayelipa 4,500 ana mara 22. Mwenye 40,000 ana chini ya mara 9, na kwake uwindaji huo ni ndoto ghali. Dhidi ya mshambuliaji kanuni hiyo ina sura mbili, kwa maana yeye huwa hana kitu mara nyingi zaidi na hivyo hulipa mara chache, lakini pia huweka madau ya hadaa ambayo mwenye utatu anaweza kuyaacha yaje yenyewe. Kwa vyovyote, anayefuata kwa ajili ya utatu peke yake, kisha akatupa kila flopu iliyomkosa, anamkabidhi mshambuliaji kitita mara nane katika tisa.

Baada ya flopu

Flopu isiyo na karata kubwa kuliko jozi haihitaji maelezo marefu: jozi inaongoza, chipu ziingie, na mshambuliaji aachiwe nafasi ya kuziingiza mwenyewe. Kazi iko kwenye flopu nyingine zote.

Tuseme wachezaji wawili wana 100,000 kila mmoja. Mshambuliaji kwenye kiti cha mgawaji amefungua kwa 4,500, na mwenye dau kubwa amefuata kwa jozi ya 8, kitita kikawa 12,000. Flopu ni K, 7 na 2, za aina tatu tofauti. Mwenye jozi anapisha bila kuweka dau, na mpinzani anaweka 4,000. Dau la mwendelezo kama hili, linalotoka kwa aliyeongeza kabla ya flopu, washambuliaji huliweka karibu kila mara kwenye meza kavu, yaani meza isiyotoa nafasi ya karata za mfululizo au za aina moja. Bei ya kufuata ni asilimia 20. Mpinzani anayefungua karibu nusu ya karata zote ana K, au jozi kubwa kuliko 8, katika kama robo tu ya wigo wake kwenye flopu hiyo. Jozi ya 8 kwa hiyo iko mbele mara nyingi kuliko nyuma, na kuitupa kwa sababu K imetua ni kufanya kile hasa ambacho dau lile lilikusudia.

Kosa la pili, linalofanywa na wachezaji wenye ujasiri zaidi, ni kuongeza hadi 12,000 ili kujua mpinzani ana nini. Jibu wanalolinunua ni ghali na halina faida: karata zinazotupwa ni zile ambazo jozi ya 8 ilikuwa inazishinda, na zinazobaki ni zile zinazoishinda. Ni kweli kwamba kuongeza humnyima mpinzani mwenye Q na J nafasi ya kupata jozi kubwa kwenye karata mbili zijazo, na kwenye flopu kama 6, 5 na 3 hoja hiyo ina uzito wa kutosha kubadili uamuzi; lakini mbele ya K, 7 na 2, kufuata kimya kunamruhusu mshambuliaji aendelee kulipia hadaa zake mwenyewe.

Karata ya nne ndiyo mtihani halisi. Kitita sasa ni 20,000, na mpinzani akiweka 14,000, bei imepanda hadi asilimia 29, huku dau la tatu likinukia. Washambuliaji hugawanyika hapa katika makundi mawili: wanaoweka dau moja la hadaa kisha wakanyamaza, na wanaoweka matatu. Dhidi ya kundi la kwanza, dau la pili ni la kuheshimiwa. Dhidi ya kundi la pili, karata iliyofunuliwa ndiyo iamue: 3 au 2 nyingine haibadilishi kitu na jozi hufuata, lakini A au Q, ambazo mpinzani anazo nyingi na ambazo humpa kisingizio cha kutisha hata asipokuwa nazo, zinatosha kuifanya jozi ya 8 itupwe. Si aibu kutupa karata iliyokuwa inaongoza dakika moja kabla. Na kwenye meza iliyolowa, kama Q, J na 9 zenye mbili za kopa, jozi ya 8 isifuate hata dau la kwanza likiwa kubwa, kwa sababu hata hadaa za mpinzani hapo zina njia nyingi za kugeuka kuwa ushindi.

Mfano unaofahamika zaidi wa jozi ya kati mbele ya mshambuliaji ni mkono wa mwisho wa mashindano makuu ya World Series of Poker ya mwaka 2006, yaliyokuwa na washiriki 8,773 na zawadi ya kwanza ya dola milioni 12. Jamie Gold, aliyefika fainali akiwa na lundo kubwa la chipu na mdomo usiopumzika, alikuwa na Q na 9. Paul Wasicka alikuwa na jozi ya 10. Flopu ikaleta Q, 8 na 5. Gold aliweka zote, akiendelea kuongea kwa namna iliyoweza kusomwa kuwa ni nguvu au ni udhaifu, na Wasicka akafuata. Wengi humlaumu Wasicka kwa kudanganyika na maneno, na lawama hiyo si ya haki sana: wamebaki wawili tu mezani, wigo wa kila mmoja ni mpana mno, chipu za Gold ni nyingi kuliko zake kwa mbali, na jozi ya 10 chini ya karata moja tu kubwa ni mkono ambao wachezaji wengi wazuri wangeufuata. Cha kuwekewa alama ya kuuliza ni kuutegemea mdomo wa mpinzani kama ushahidi. Mshambuliaji anayeongea huongea akiwa na karata na asipokuwa nazo, kwa hiyo maneno yake hayaupunguzi wala kuupanua wigo wake.

Hata utatu ukija, hesabu haikomi. Mwaka 2003, katika mashindano hayohayo, Phil Ivey alifuata dau la Chris Moneymaker akiwa na jozi ya 9. Moneymaker alikuwa na A na Q. Flopu ya Q, Q na 6 ilimwacha Ivey akihitaji moja ya karata mbili tu, na karata ya nne ikawa 9. Kuanzia hapo ni karata 7 kati ya 44 zisizojulikana ndizo zingemwokoa Moneymaker, yaani asilimia 16. Chipu zikaingia, karata ya tano ikawa A, na Ivey akaondoka akiwa wa kumi. Ivey hakukosea baada ya ile 9 kutokea. Anayetaka kujifunza atazame flopu, ambapo jozi ya 9 ilikuwa imeshindwa vibaya na bado ikabaki mchezoni.

Karibu na zawadi

Hesabu zote za juu zinachukulia kwamba chipu moja iliyopatikana ina thamani sawa na chipu moja iliyopotea. Katika mashindano si hivyo, kwa kuwa chipu hazibadilishwi kuwa fedha. Kinacholipwa ni nafasi ya kumaliza. Njia ya kukadiria thamani ya chipu kwa fedha ilielezwa katika poka na Mason Malmuth mwaka 1987, na msingi wake wa hisabati unafanana na kanuni ambayo David Harville alikuwa ameitoa mwaka 1973 kwa ajili ya mbio za farasi: uwezekano wa kila mchezaji kumaliza wa kwanza ni sawa na sehemu yake ya chipu zote, na nafasi zinazofuata hukokotolewa kwa kumwondoa aliyemaliza na kurudia hesabu.

Chukua wachezaji wanne wenye chipu sawa, na zawadi tatu za 50, 30 na 20. Kila mmoja ana thamani ya 25. Wawili wakigongana kwa chipu zote, mshindi anabaki na nusu ya chipu za meza, lakini thamani yake haifiki 50, inafika 38.3 tu, kwa sababu wale wawili waliokaa pembeni wamepata sehemu ya faida bila kufanya lolote. Anayefuata chipu zote hapo, bila kuhesabu madau ya lazima yaliyomo kwenye kitita, anahitaji kushinda asilimia 65. Jozi ya 8 dhidi ya A na K ina 55. Mgongano ambao ungekuwa wa faida saa mbili mapema sasa unachoma fedha.

Mshambuliaji mzuri analijua hili, na ndiyo maana huongeza kila mkono pale anapobaki mtu mmoja kabla ya zawadi kuanza kulipwa. Mwenye jozi ya kati asimjibu kwa kufuata. Ama awe wa kwanza kuweka zote, ili mzigo wa asilimia 65 umwangukie mpinzani, ama atupe. Anayestahili kuogopwa zaidi ni yule mwenye chipu nyingi anayeweza kumtoa mtu mashindanoni. Mshambuliaji mwenye chipu kidogo hana uwezo huo, na dhidi yake jozi ya 9 au 10 inaweza kufuata kwa bei inayokaribia ile ya kawaida. Katika mashindano ya kufuzu, ambapo tiketi kumi zenye thamani sawa hugombewa na wachezaji kumi na mmoja waliobaki, mwenye chipu za kutosha kusubiri mmoja aondoke hutupa jozi ya 10 mbele ya chipu zote za mwenye lundo kubwa, na hutupa hata jozi ya ree.